Nanaa haichemshwi, na lile ua la pichani ni sumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niseme machache, ingawa naona mapema kwamba hayatakuwa machache sana, kuhusu mapishi ya kinywaji baridi yaliyochapishwa Jumamosi iliyopita katika ukurasa wenu wa nyumbani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansikimu, na tangu nistaafu nimekuwa nikitengeneza vinywaji vya shughuli za mtaani kwetu Tabata, kwa hiyo ukurasa ule siupiti bila kuusoma. Nimefurahi kwamba gazeti limeona haja ya kuwaambia wasomaji kuwa katika joto hili la kaskazi mtu anaweza kumkaribisha mgeni kwa bilauri ya kinywaji kilichotiwa majani na viungo vinavyoota hapa hapa nchini, badala ya kumfungulia soda. Nisichoweza kukinyamazia ni maelekezo yenyewe, ambayo yanamtaka msomaji atie rosela, nanaa, mchaichai, tangawizi, iliki, mdalasini na kiganja kizima cha karafuu katika sufuria moja yenye lita 10 za maji, achemshe kwa nusu saa, aongeze kilo 2 za sukari, kisha apoze kwa barafu ya kununua na kuipamba bilauri kwa ua.

Nitangulize la ua, kwa sababu hilo lina hatari, na mengine yote ni ya ladha. Ua lililopachikwa kwenye ukingo wa bilauri pichani, kama macho yangu hayajanidanganya, ni la oleanda, kile kijiti chenye majani marefu membamba na maua ya rangi ya waridi au meupe kinachopandwa sana kwenye bustani za nyumba na kando ya barabara hapa Dar es Salaam kwa sababu kinavumilia jua na hakidai maji mengi. Mmea huo una sumu kuanzia mzizi hadi ua, sumu inayovuruga mapigo ya moyo, nayo haiondoki kwa kukaushwa wala kwa kuchemshwa. Nadhani mpiga picha alitafuta rangi tu. Lakini msomaji anayeona ua juu ya kinywaji gazetini huamini kwamba linaliwa, na katika nyumba yenye watoto si mama mwenye nyumba atakayekuwa wa kwanza kulichomoa na kulitia mdomoni. Anayetaka pambo na aweke kishada cha nanaa, au ua la asumini alilolichuma kwake mwenyewe. Asitumie maua ya kununua kwa wauza maua, kwa sababu hayo hupuliziwa dawa na mtu ambaye hakufikiria hata kidogo kwamba yatafika mdomoni.

Sasa nirudi kwenye sufuria. Kosa la kuchemsha kila kitu pamoja nalifahamu kwa sababu nimelifanya mwenyewe, tena mbele ya watu. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini pale mwalimu mwenzangu aliponiomba nimtengenezee kinywaji cha kicheni pati ya mdogo wake, huko Temeke. Nilinunua mafungu 15 ya nanaa katika soko la Kisutu, nikachukua na mzigo wa mchaichai, nikavibandika motoni pamoja katika sufuria ya lita 20 tangu alfajiri, nikaviacha vitokote taratibu hadi jua likapanda. Uani kulinukia hata jirani akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, akiuliza ninapika kitu gani kizuri namna ile. Saa 10 alasiri kinywaji kilipofika mezani kilikuwa na rangi ya maji yaliyochemshiwa mchicha, na harufu yake ilikuwa ya mchicha huohuo. Mama wa bibi harusi alionja, akanitabasamia kwa heshima, akainama kama mtu anayetengeneza kanga yake, akaiweka bilauri chini ya kiti. Shughuli ilipokwisha mimi ndiye niliyekusanya vyombo, na chini ya viti nilikuta bilauri zimejaa, moja baada ya nyingine, safu hadi safu.

Jirani alifaidi kuliko wageni. Ladha ya nanaa, mrehani na majani mengine laini imo katika mafuta mepesi yanayonukia, yaliyowekwa katika vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani. Ndiyo maana ukiligusa tu, vifuko hupasuka na vidole vinanukia. Mafuta hayo huruka haraka yakikutana na moto na mvuke, kwa hiyo harufu inayojaa jikoni wakati wa kupika ni ladha inayotoka sufuriani na haitarudi tena. Kinachobaki ndani ya maji ni ule ukijani wa jani, ambao moto huugeuza ukawa hudhurungi, pamoja na uchungu. Jani la nanaa linataka mkono tu. Chagua machipukizi ya juu, yaoshe, yaweke kwenye kiganja cha mkono mmoja na uyapige kwa kiganja cha mkono wa pili mara moja au mbili, kisha yatumbukize kwenye jagi la kinywaji kilichokwisha kupoa, uliweke jagi kwenye friji kwa saa 2 au 3 na uyaondoe. Ukiyaacha hadi kesho yake yataanza kutoa uchungu, na ukiyasaga kwenye blenda utapata rangi ya kijani ya kupendeza kwa dakika chache na ladha ya nyasi kwa muda wote uliobaki.

Wapo wanaodhani kwamba ubaridi wa nanaa ni maneno ya wafanyabiashara wa pipi. Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa David Julius na Ardem Patapoutian, ambao miongoni mwa kazi zao, kila mmoja kwa upande wake, waliitumia mentoli, kile kitu chenye ubaridi kinachopatikana kwenye baadhi ya aina za nanaa, kukipata kipokezi cha neva kinachotuambia kwamba kitu fulani ni baridi. Mentoli hukiamsha kipokezi hicho hata kama kinywa hakijapoa hata kwa nyuzi moja. Niongeze tu, kwa ajili ya wale watakaonuna baada ya kujaribu, kwamba ile nanaa ya majani yenye mikunjo tunayoizoea kwenye chai ina mentoli kidogo sana, na harufu yake nzuri hutokana na kitu kingine kiitwacho kavoni. Itakuburudisha kwa harufu, lakini usitarajie ikupulize mdomoni kama pipi ya kifua.

Mchaichai ni habari nyingine, na hapo ndipo kuchanganya kila kitu katika sufuria moja kunapokuwa hasara mara mbili. Jani lake ni gumu na lina nyuzi, kwa hiyo maji baridi hayalipati vizuri, wakati moto mwingi unalimaliza. Mimi hulikata vipande vya urefu wa kidole, nikaponda kwa mchi ile sehemu nyeupe ya chini iliyo karibu na mzizi, kwa kuwa hiyo hutoa harufu nyingi, nikamimina maji yaliyotoka kuchemka na kufunika kwa dakika 15 bila moto wowote chini. Mfuniko una kazi yake. Ukiufunua utaona matone yametanda kwa ndani. Usiyapanguse wala usiyamwage, inamisha mfuniko yarudi sufuriani, maana ni mvuke wenye harufu uliokuwa unatafuta njia ya kutoka. Kitu kinachoupa mchaichai ile harufu ya limau kinaitwa sitrali, nacho kimo pia kwenye ganda la limau lenyewe, na ndiyo sababu viwili hivyo havigombani kamwe ndani ya jagi.

Mrehani mwandishi hakuutaja kabisa, jambo lililonishangaza, hali alipata nafasi ya kusifia lavenda iliyokaushwa, ambayo asili yake ni nchi za pwani ya Mediterania na ambayo hapa utaipata dukani ikiwa kwenye kijaluba na bei yake ya kukutoa jasho. Majani machache ya mrehani, yakichanwa kwa mkono dakika ya mwisho juu ya juisi ya tikitimaji au ya nanasi la Kiwangwa, yanatosha kumfanya mtu aulize kilichotiwa. Yakichanwa mapema huwa meusi. Na tafadhali mtu asiuchanganye mrehani na kivumbasha, ambacho ni ndugu yake lakini sisi tumezoea kukitumia kufukuzia mbu.

Rosela, ambayo wengine huiita choya, ndiyo iliyoonewa zaidi katika mapishi yale. Tunachokitumia si petali za ua, kama mwandishi alivyosema, ila ni lile vazi jekundu nene linalobaki likikumbatia mbegu baada ya petali kudondoka. Ndani yake kuna rangi inayoyeyuka kwa maji na asidi nyingi, na vyote viwili havihitaji kubembelezwa kwa moto: ziloweke rosela kavu katika maji baridi yaliyochemshwa jana, ziache usiku kucha, na asubuhi utakuta maji mekundu yanayong'aa, makali kwa ulimi lakini hayakwaruzi koo. Anayetaka haraka anaweza kumwagia maji ya moto na kuchuja baada ya dakika 10. Nusu saa ya kuchemka huleta ladha nzito kama ya jemu na ule ukakasi unaokausha ufizi, ndipo watu hukimbilia kuongeza sukari. Wasudani na Wamisri huiita kakade, Wasenegali wanaiita bisapu, na Wajamaika huinywa na tangawizi wakati wa Krismasi, kwa hiyo si sisi peke yetu tunaoitafutia mwenza.

Na sufuria yenyewe ni ya nini? Mapishi hayasemi, lakini nyumba nyingi za Dar es Salaam zina sufuria za alumini, na rosela, kama ulivyo ukwaju, ni chachu kiasi cha kuila alumini na kuingiza ladha ya chuma kwenye kinywaji. Nimewahi kuonja juisi ya ukwaju iliyolala kwenye sufuria ya namna hiyo. Ilikuwa kama kulamba kijiko. Tumia chombo cha kauri, cha kioo, au chuma kisichoshika kutu.

Kuhusu tangawizi, napenda mwandishi aende akasimame kwa dakika 5 mbele ya muuza juisi ya miwa, pale Kariakoo au popote penye mashine. Kijana anapasua muwa, anaukunja, anapachika katikati ya mkunjo ndimu nzima na kipande cha tangawizi kisichozidi dole gumba, kisha anaupitisha kwenye magurudumu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka makapi yanatoka makavu. Hapo hakuna jiko wala mvuke. Tangawizi ile inatoka mbichi, yenye harufu kali inayokaribia ya limau, na mafuta ya ganda la ndimu yanakamuliwa palepale pamoja na maji yake. Ukiichemsha tangawizi hiyo hiyo hutapata kitu kibaya, utapata kitu tofauti: ile harufu ya juu hupotea, na sehemu ya jinjeroli, ambayo ndiyo ukali wa tangawizi mbichi, hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi na hushuka kifuani. Hiyo ni nzuri kwa chai ya mtu mwenye mafua, lakini kwa kinywaji cha kupoza mwili mchana wa Januari naiona haina kazi. Anayekwangua tangawizi nyumbani aikamue kwa kitambaa, ayaache maji yake yatulie nusu saa, kisha amimine ya juu na kuacha ule wanga mweupe uliojikusanya chini, kwa maana huo ndio unaofanya kinywaji kionekane kichafu na kiwe na vumbi ulimini.

Iliki, mdalasini na karafuu ndivyo pekee katika orodha ile vinavyostahili moto, kwa kuwa ni vigumu na harufu yao imefungiwa ndani. Navyo pia naviona vinafaa zaidi kuchemshwa kwenye shira, iliki ikiwa imepasuliwa ganda. Karafuu mbili kwa lita zinatosha kabisa. Kiganja kizima, Mhariri, ni kazi ya daktari wa meno: yujenoli iliyomo kwenye karafuu hutia ganzi, na mgeni aliyetiwa ganzi ulimi hawezi kuonja hata hiyo rosela uliyoihangaikia.

Sukari imenisumbua zaidi ya vyote, kwa sababu makala ilianza kwa kusema kwamba kinywaji hiki ni mbadala wa soda kwa ajili ya afya. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Kilo 2 katika lita 10 ni karibu gramu 50 kwa bilauri moja ya mililita 250, wakati soda ya kawaida ina takriban gramu 10 kwa kila mililita 100, yaani gramu 25 hivi kwa bilauri hiyo hiyo. Mbadala umekuwa na sukari karibu mara mbili ya kile unachokikimbia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula cha siku, kiasi ambacho kwa mtu mzima ni karibu gramu hizo hizo 50 kwa kutwa nzima, na likasema kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mgeni wa harusini hanywi bilauri moja.

Najua kwa nini wapishi hujikuta wanazidisha. Ulimi uliopozwa hausikii utamu sawasawa. Kinywaji ulichokionja kikiwa vuguvugu ukakiona kitamu kitakuja kuonekana kimepwaya kikitoka kwenye friji, na kikiwekewa barafu ndipo kinapwaya zaidi. Dawa yake ni kuonja kikiwa baridi kama kitakavyonywewa, na kuiweka shira kando katika chupa yake ili kila mtu ajiongezee. Tena hapo ndipo viungo vinapolipa gharama yake, kwa sababu pua iliyonusa iliki au mdalasini huuandaa mdomo kwa kitu kitamu hata kama sukari iliyomo ni ndogo. Nimelijaribu hilo kwa wajukuu wangu bila kuwaambia, na hawakugundua.

Mwandishi wa mapishi anaweza kunijibu kwamba kuchemsha kunaua vijidudu. Hoja hiyo naiheshimu, na katika jiji lililopata mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 sioni anayestahili kuicheka. Lakini mapishi yaleyale yanayoyatesa majani kwa nusu saa yanamalizia kwa barafu ya kununua, ambayo mnunuzi hajui maji yake yalitoka kwenye bomba gani au kisima gani, na kuganda hakuviui vijidudu vyote. Kinachopaswa kuchemshwa ni maji, yote, pamoja na yale ya barafu, na yachemshwe jana yake ili yapate kupoa. Na yasiwe ya kile kisima chenye chumvi ambacho wengi wetu tunacho nyuma ya nyumba, kwa sababu hakuna jani litakaloficha chumvi hiyo. Majani yaoshwe kwenye maji yanayotiririka, yasuuzwe mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa, na kinywaji kilichotiwa majani mabichi kikae kwenye friji na kinywewe siku hiyo hiyo.

Lipo pia suala la mahali majani yalikoota, ambalo moto hausaidii kulitatua. Uchafu wa Mto Msimbazi si siri kwa mkazi yeyote wa jiji hili, na mboga nyingi hustawishwa kando ya mabonde yetu kwa maji ya namna hiyo. Madini mazito yaliyokwisha kunyonywa na jani hayatoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa. Kwa nanaa, kwa bahati, mtu hahitaji shamba. Katika fungu moja la sokoni chagua vijiti vinne vilivyokomaa, nyofoa majani ya chini, viweke kwenye bilauri ya maji dirishani pasipo jua kali. Baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe kama nyuzi za kushonea. Vihamishie kwenye ndoo iliyotobolewa chini, uiweke mahali panapopata jua la asubuhi, umwagilie kila siku, na umpe kila anayebisha hodi, kwa sababu itakushinda kwa wingi. Mchaichai ndio kabisa, hauhitaji hata maelekezo.

Sipendi kutoka nje ya mada, lakini hili moja lililobaki naliona limo ndani yake. Makala inasema kwamba kutia majani na maua kwenye vinywaji ni mtindo mpya uliotoka katika hoteli za nje. Bibi yangu mzaa mama alikaa Magomeni na hakuwahi kuingia hoteli yoyote. Alikuwa na mtungi wa udongo uliokaa juu ya mchanga mbichi katika kona ya ukumbi. Kila alipouosha aliupindua juu ya chetezo chenye ubani hadi moshi ukaujaa, ndipo alipoutia maji, na jioni alidondosha humo maua machache ya asumini yaliyokuwa bado hayajafumbuka. Asubuhi tulichota kwa kata, na maji yale hayakuwa na sukari hata chembe, lakini tulisukumana kwenda kuyanywa. Mtungi wenyewe uliyapoza kwa kutoa jasho, ingawa katika unyevu wa Dar es Salaam jasho la mtungi, kama la mwanadamu, halikauki upesi kama la Dodoma. Neno sharubati limetoka katika Kiarabu, kwenye kitenzi cha kunywa, na limo katika Kiswahili tangu zamani. Mrehani na asumini navyo vilikuwa vikifungwa katika vikuba vya maharusi wa Pwani kabla jiji hili halijawa na chupa hata moja ya soda. Anayefikiri mambo haya yameletwa na hoteli hakuwahi kuwa na bibi wa namna hiyo, na hilo si kosa lake.

Nisije nikaambiwa kwamba nimebomoa bila kujenga, ninaandika hapa namna ninavyotengeneza mimi lita 10 zilezile. Usiku naloweka gramu 250 za rosela kavu katika lita 5 za maji yaliyochemshwa na kupoa, kwenye ndoo safi ya plastiki ya chakula yenye mfuniko. Asubuhi nachuja bila kukamua sana. Mabua 10 ya mchaichai nayafunika katika lita 2 za maji ya moto kama nilivyoeleza. Gramu 800 za sukari nazichemsha na maji vikombe vinne, iliki 15, karafuu zisizozidi 12 na kijiti kimoja cha mdalasini, kwa dakika 10, kisha nachuja. Tangawizi gramu 200 naikwangua na kuikamua, na kumwaga ule wanga. Vyote vikishapoa ndipo ninapovichanganya, nikaongeza maji hadi lita 10, nikakamulia ndimu 6, na saa 2 kabla ya wageni kufika natumbukiza mafungu manne ya nanaa iliyopigwa kiganjani. Kinywaji kikikaribia kuanza kugawiwa nayatoa majani yote na kuweka mabichi mengine kwa ajili ya kuonekana tu. Kwa kipimo hiki bilauri moja ina sukari gramu 20, na kwa anayeona ni chachu, shira ya ziada iko mezani.

Ninaomba, Mhariri, sahihisho lichapishwe mapema, tena kwenye ukurasa uleule na kwa herufi zinazoonekana, hasa kuhusu picha. La nanaa na la karafuu linaweza kungoja hadi Jumamosi ikiwa nafasi ni finyu. Nina sababu ya kuharakisha. Jirani yangu, ambaye anamwoza binti yake wiki ijayo, ameyakata mapishi yale na kuyabandika kwenye mlango wa friji. Jana jioni alikuja kwangu kuazima ndoo, na kabla hajaaga akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kama ninajua ni wapi anaweza kuyapata yale maua ya pichani kwa wingi, kwa ajili ya bilauri 300.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa sayansikimu,
Tabata, Dar es Salaam